Kiti cha Kukaa Kitako

Kosa langu la mwanzoni lilikuwa hili: nilitengeneza viti vya mezani karibu mwaka mzima kabla sijala hata mlo mmoja juu ya kiti. Kwetu Tiwi tulikula mkekani. Sinia katikati, miguu imekunjwa, mama anagawa samaki, na anayemaliza mwanzo anaambiwa awasubiri wenzake. Meza ya chakula niliijua kwa hoteli, nayo kwa kuitazama tu. Basi kiti nilikijaribu kama mtu anavyojaribu kofia: nakikalia, nakitikisa, nainuka, najiambia kiko sawa. Kumbe kiti cha kulia hakijulikani upesi hivyo. Kikalie muda wa sahani ya wali na kikombe cha chai, huku mtu anakusimulia habari ndefu usiyoweza kuikatiza. Ukishindwa kuisikiliza habari kwa sababu ya mgongo, kiache dukani.

Nawaandikia nyinyi, wadogo zangu, mnaoanza useremala, na nyinyi mnaoanza nyumba na mnatafuta viti. Mimi nimestaafu. Najua mnacheka. Nina miaka thelathini na tatu, na nilipolitamka neno hilo mbele ya mamangu mdogo, alinitazama kidevuni akauliza, "Umestaafu na ndevu hazijafika mashavuni?" Lakini ndivyo ilivyo. Vumbi la mvule liliingia kifuani likakataa kutoka, na daktari akaniambia nichague baina ya randa na pumzi. Sasa nauza misumari, gundi na msasa katika duka la vifaa Ukunda, na kila anayenunua msasa namwuliza anatengeneza nini. Ugonjwa wangu mwingine ni huo.

Sikufunzwa na fundi. Nilijifunza kwa simu, kwa video za watu wenye karakana safi kuliko jikoni kwetu, na kwa kuvifungua viti vibovu vilivyotupwa na hoteli za Diani nione vimeshikanaje. Anayejifunza peke yake hana wa kumwambia "hapo panatosha," kwa hiyo sikujua mahali pa kuachia. Nilikuwa nikipiga msasa hadi upande wa chini wa kikalio. Jirani yangu, fundi wa madirisha, alikuwa akipita na kikombe chake cha chai ananiambia, "Wewe wapiga msasa mahali ambapo mjusi tu ndiye atakayeona. Mjusi mwenyewe hana haja." Nilicheka naye, kisha akiondoka naendelea. Nilikuwa na hofu kwamba siku moja mteja atakipindua kiti mbele ya watu, na nitaaibika.

Hofu hiyo, angalau, ilinifunza kitu kimoja cha kweli: kipindue kiti. Ukienda dukani usianze na kitambaa wala vanishi. Kigeuze miguu juu utazame mguu unavyoingia kwenye fremu. Ukiona ulimi wa mbao umeingia ndani ya tundu na gundi yake, hapo kuna kazi. Ukiona msumari umepigwa mshazari peke yake, mshukuru muuzaji, uondoke. Tazama pia kama kuna unga mwembamba kama wa mtama chini ya vitundu vidogo. Hao ni fukusi, wamo ndani, na watakula kiti nawe ukila chakula. Mbao za mwembe zisizotiwa dawa huwapendeza sana. Kisha chukua leso, uipitishe kila ukingo: pembe za miguu, nyuma ya egemeo, chini ya kikalio. Ikinasa popote, buibui la mgeni wako litanasa hapo hapo.

Habari ya mbao mbichi nilifunzwa na mpishi mmoja wa hoteli, kijana wa bara aliyekuwa amepanga Ukunda. Nilimuuzia viti vinne wakati wa masika. Kaskazi ilipoingia akanijia bandani.

"Fundi, hizi viti zako zinaongea."

"Zinasema nini?"

"Mimi sijui, mimi si Mdigo. Lakini nikikaa zinaongea, nikiinuka zinaongea. Jana wageni wangu walinyamaza wote wakaniangalia. Walidhani ni mimi."

Nilivifungua vyote. Mbao niliinunua na maji yake ndani, na jua la kaskazi lilipoikausha, kila ulimi ukapungua ndani ya tundu lake ukawa unacheza kama jino la mtoto. Tangu siku ile kabla ya kununua ubao nikawa naulaza shavuni. Mbao mbichi ina ubaridi ambao mbao kavu haina. Watu sokoni walidhani nabusu mbao. Wadhani.

Lakini niliyekusudia kuwasimulia habari zake ni Bi Mwanamisi.

Binti yake, Mwanakombo, ni mwalimu wa shule ya msingi upande wa Msambweni. Alikuja bandani kwangu mwezi wa Shaabani umeshaanza, akasimama juu ya taka za randa bila kujali viatu.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba. Nataka meza na viti sita. Nataka kabla ya Ramadhani."

"Ramadhani i karibu, mwalimu."

"Ndiyo maana nimekuja leo, sikungoja kesho."

Akanieleza. Mamake magoti yalikuwa yamekataa. Kumkalisha mkekani kulihitaji watu wawili, na kumwinua kulihitaji hao wawili na jirani. Akaona haya, akaanza kula chumbani kwake, mlango umeegeshwa. Akiulizwa anasema anapenda kimya.

"Mama yangu na kimya!" Mwanakombo alisema. "Huyu ndiye aliyekuwa akitugawia samaki. Ajua nani apenda kichwa, nani aficha mifupa chini ya ukingo wa sinia. Ramadhani iliyopita twamsikia afuturu peke yake upande wa pili wa ukuta, akohoa, anywa maji. Wanangu wauliza, nyanya amekosa nini? Mwaka huu sitaki kuusikia ule ukuta. Nataka mama yangu mezani."

Nilimwahidi. Na hapo ndipo mngenisaidia kwa kunizaba kofi, kwa sababu sikumwuliza mamake ni mrefu au mfupi, wala sikusema niende nikamwone. Nilikwenda kwenye simu. Vipimo vya kiti cha mezani vilikuwa vimeandikwa pale, vya watu ambao nina hakika hakuna hata mmoja wao aliyewahi kufika Msambweni. Nikatengeneza viti vya mvule, vikalio vipana vya sponji, egemeo refu lililolala nyuma kama la hoteli. Nilipiga vanishi, nikaipiga msasa, nikaipiga tena hadi nikauona uso wangu mguuni mwa kiti, nao ulikuwa uso wa mtu asiyelala.

Tulipovishusha kwenye pikapu, Bi Mwanamisi alitoka chumbani na bakora yake, mwanamke mfupi, mnene kidogo, macho ya kuchekesha. "Mashaallah," alisema. "Hivi ni viti vya bibi harusi." Akakalia kimoja. Na mimi, wadogo zangu, saa ile nilikuwa nimeiona alama ya kidole changu kwenye vanishi ya kiti cha pili, naifuta kwa shati. Mtu niliyemtengenezea viti amekaa mbele yangu kwa mara ya kwanza, nami nimeinama kwenye kiti kitupu.

"Vizuri sana, mwanangu," akasema. "Mungu akuzidishie ujuzi. Ila sikai kitako."

Nyinyi mmelelewa huku, mwajua neno hilo. Mgeni akiingia huambiwa karibu kitako. Mtoto akichezacheza mkekani huambiwa kaa kitako ule. Kwangu mimi kitako lilikuwa neno la chini, la mkekani. Nilisikia anasema anataka kukaa chini. Na Mwanakombo naye alisikia hivyo hivyo.

"Mkeka tena, mama?"

"Sikusema mkeka."

"Umesema kitako!"

"Basi nimesema."

"Tumehangaikia viti kwa ajili yako, na wewe wataka mkeka uliokushinda?"

Bi Mwanamisi alishuka kitini kwa kuteleza, kama mtoto anavyoshuka kitandani, akashika ukuta, akaingia chumbani. Safari hii mlango haukuegeshwa, ulifungwa. Mwanakombo akabaki anavitazama viti vyangu kana kwamba vimemtukana. Nami nikatoa utaalamu wangu: "Amezoea, mwalimu. Wazee wetu hawapendi viti."

Nimewahi kujikata vidole mara nyingi, na hakuna jeraha ninalolikumbuka kama sentensi hiyo.

Siku zikaenda. Mwanakombo alinipigia simu kusema mamake bado anakula chumbani, na sasa hata salamu baina yao ni fupi. Nikafikiri labda viti ni vigumu. Nikapeleka mito ya sponji, minene, niliyoishona mwenyewe, nikaifunga juu ya vikalio. Bi Mwanamisi alikubali kujaribu kwa sababu wajukuu walimwomba. Walimsaidia kupanda. Alitazama chini, akasema, "Sasa nimepandishwa mnazini. Nipeni na panga niwaangushie madafu." Watoto wakavunjika mbavu. Yeye mwenyewe alicheka. Lakini sahani ilipokuja, aliichukua akaenda nayo chumbani.

Ramadhani ilikuwa inahesabiwa kwa vidole. Sikuwa na raha. Niliwaza kuvifanya vyote upya kwa nakshi, kana kwamba ua lililochongwa nyuma ya egemeo litamshawishi. Mchana mmoja nikaenda kuchukua kiti kimoja nianze. Mwanakombo alikuwa shuleni. Nikapiga hodi, sauti ikatoka chumbani.

"Nani?"

"Mimi fundi, Bi. Shikamoo."

"Marahaba. Pita, nala. Karibu tule."

Mlango ulikuwa wazi, nikasimama kizingitini. Alikuwa amekaa ukingoni mwa kitanda chake cha kamba, sahani ya wali juu ya kigoda mbele yake. Nyayo zake zilikuwa zimelala bapa sakafuni. Visigino alikuwa amevirudisha nyuma kidogo, chini ya kitanda. Mgongo wima, ameinama mbele, mkono unakwenda sahanini na kurudi bila kuhangaika. Nilisimama pale nikimtazama mpaka akaacha kutafuna.

"Bi," nikasema, "hapo ulipo, umekaa kitako?"

"Kwani waniona nimesimama?"

"Na kwenye kiti changu?"

"Kile?" Akaramba kidole, akafikiri, kwa sababu hakutaka kunivunja moyo. "Kile nakikalia kwa mapaja, mwanangu. Kitako chenyewe hakina kazi. Miguu yaning'inia, ule ukingo wanikata huku nyuma ya magoti, vidole vyafa ganzi. Nikitaka kuegemea lazima nilale, na nikilala chakula chabaki huko mbali. Nilisema siku ile, mkaniletea habari za mkeka. Nani autaka mkeka? Mkeka ndio ulionifukuza."

Niliketi pale pale sakafuni kwa furaha. Sijui kama mtanielewa. Kwa wiki nzima nilikuwa na kosa lisilo na umbo, kosa la kunifanya nidhani mimi si fundi kabisa, na sasa mtu amenionyesha mahali lilipo na ukubwa wake. Lilikuwa chini ya magoti yake, nalo lilikuwa na urefu wa kiganja.

"Una nini?" akauliza. "Hujala?"

"Naomba kamba, Bi."

Akanipa utepe wa leso iliyochakaa. Nikapiga goti, nikamwomba radhi, nikapima kutoka sakafuni hadi chini ya paja lake. Alinitazama kutoka juu.

"Wanipima sanda?"

"Nakupima kiti, Bi."

"Afadhali. Maana kwa sanda ungeanzia kichwani."

Mwanakombo aliporudi kutoka shuleni alitukuta bado tunapima: paja, mgongo, na mkono wake ulipofika akiunyoosha kuelekea sinia. Nilimweleza binti mbele ya mama nilichokuwa sijakielewa. Akamgeukia mamake, akamwambia, "Nami nikakupigia kelele." Bi Mwanamisi akamjibu, "Wewe wapigia kelele watoto wa watu kutwa nzima, kwangu huja zikiwa zimebaki chache. Mletee fundi chai."

Sasa sikilizeni kazi yenyewe. Ilinibidi nikate miguu ya viti. Ile miguu niliyoipiga msasa kama pete. Nilitaka kukata cha Bi Mwanamisi peke yake, akakataa. "Kata vyote. Sitaki kiti kifupi peke yangu kama mtoto wa chuo cha Kurani." Nikakata vyote, na meza pia, kwa maana kiti kikishuka na meza ikabaki juu, mlaji huwa kama anachungulia dirishani. Baina ya kikalio na uso wa meza pawe na nafasi ya paja na kiganja kilichosimama, isizidi sana. Na kwa watu wa sinia moja, watu wa kula kwa mkono, egemeo lisilale nyuma. Sisi tunakula tukienda mbele.

Kiti cha kwanza nilikikata vibaya. Kikawa kinayumba, nikapunguza mguu mmoja, kikayumba upande wa pili, nikapunguza huo. Mnaijua safari hiyo. Nusura kigeuke kibao cha mbuzi ya kukunia nazi. Vilivyobaki nikaviweka juu ya kigae kilichonyooka, nikalaza penseli juu ya kipande cha ubao, nikakizungusha miguu yote minne, nikakata kwenye alama. Vikasimama.

Kisha nikatoa sponji. Mfuma vitanda mmoja wa Tiwi alinisukia vikalio vya kamba, na ukingo wa mbele nikauviringisha usikate mtu nyuma ya goti. Vile vipingo vilivyounganisha miguu ya mbele nikaving'oa nikavisogeza kati, chini. Hilo nililiona kwa visigino vya Bi Mwanamisi kitandani: mtu hainuki kitini mpaka arudishe miguu nyuma, na kipingo cha mbele humzuia. Jaribuni sasa hivi hapo mlipo, nyoosheni miguu mbele halafu muinuke. Mwaona? Kiti cha mzee kiwe na uwazi huo, na kiwe na mikono ya kushikilia. Chake nilikitia mikono mifupi, iingie chini ya meza.

Siku ya kwanza ya mfungo walinialika. Adhana ilipolia, tukafungua kwa tende na maji, tukasali, kisha wote tukaenda mezani. Bi Mwanamisi alikuja na bakora yake, akageuka, akashika mikono ya kiti, akakaa. Mimi nilitazama nyayo tu. Zilifika chini. Zote mbili, bapa, kisigino na vidole.

Alivuta sinia kidogo kwake, akatazama samaki, akaanza. "Kichwa cha nani? Haya, chukua. Wewe mkia wakutosha, una mdomo kushinda tumbo. Mwanakombo, weka mifupa wazi, mimi bado nakuona." Mwanakombo alitoa mifupa chini ya ukingo wa sinia akiwa anacheka na kujifuta macho kwa mkono wa kushoto. Watoto wakaanza kugombania muhogo. Hakuna aliyekumbuka kwamba kuna viti.

Alikaa kwa uji, akakaa kwa wali, akakaa kwa chai na habari ndefu ya ng'ombe wa jirani aliyekula mkeka wa kuswalia. Alipotaka kwenda, alirudisha visigino nyuma, akasukuma mikono ya kiti, akasimama peke yake, bado anazungumza. Mimi nilitoka uani nikajifanya natafuta viatu vyangu. Nilikuwa nimevivaa.

Baada ya hapo nilitengeneza viti vya watu wengi, mpaka kifua kiliponitoa bandani. Nilikwenda nyumbani kwa kila mteja kabla ya kununua mbao, nikala nao nikikaribishwa, nikatazama nani mrefu, nani ana mimba, nani hukunja mguu mmoja chini yake, nani ana watoto wa kuviburuta viti sakafuni. Watu wa arusi na matanga huazimana viti, kwa hiyo nilivifanya vyepesi, mtu avibebe viwili. Msasa wa chini ya kikalio niliuacha. Mijusi haijalalamika.

Bi Mwanamisi hali tena chumbani. Mwanakombo ananiambia mlango huo sasa hufungwa kwa kulala tu. Nami mtu akiniambia neno, hata kama ni neno nililolijua tangu utotoni, namwuliza pale pale ana maana gani, kabla sijashika msumeno.